Kipima oksijeni cha kidoleni: kinalipa kwenye ngazi, si kwenye kochi

Kile kibanio cha plastiki kinachoshika kidole na kutoa namba mbili, ya oksijeni ya damu kwa asilimia na ya mapigo ya moyo, siku hizi hakikosekani kwenye chemisti za Nairobi. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, ule wa COPD, akinunue. Shida ni matumizi. Wengi hukikodolea macho wakiwa wameketi, na namba ikishuka kidogo tu wanaacha kutembea. Hapo kifaa kimeshawadhuru: misuli ya mapaja isiyotumika hulegea, hatua zilezile zinaanza kudai pumzi nyingi zaidi, na wagonjwa wasiotembea ndio hulazwa mara nyingi.

Dukani usivutwe na rangi za skrini. Tafuta chenye wimbi au kijimstari kinachopanda na kushuka kwa kila pigo. Kijaribu papo hapo: kitie kidoleni, tuliza mkono, kisha hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono wa pili kwa sekunde 30 na uzidishe kwa 2. Mapigo yakipishana sana na ya skrini, namba ya oksijeni nayo usiiamini. Betri ni mbili za AAA. Kisipotumika zitoe, zisije zikavuja ndani.

Hata kizuri hukosea kwa asilimia 2 au 3, kwa hiyo 93 ya jana na 91 ya leo si habari. Kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko ukweli, na hao ndio wengi wetu. Piko na rangi ya kucha huziba mwanga ambao kifaa hupitisha kidoleni. Asubuhi za Julai vidole vikiwa baridi, sugua viganja kwanza. Ila udhaifu mbaya kuliko yote ni moshi. Kaboni monoksaidi ya jiko la makaa hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, na kifaa hiki hakiwezi kuzitofautisha. Aliyepika ndani, madirisha yamefungwa, anaweza kusoma 97 huku kichwa kinamgonga.

Faida yake utaiona kwenye ngazi za ploti. Kaa dakika 5, pima, andika. Usilinganishe na ndugu aliye Mombasa: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kila pumzi huku ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Sasa panda ghorofa moja kwa mwendo wako, ukitoa pumzi polepole kwa midomo iliyobinuka, kama anayepoza chai. Ukifika simama, kibanio kikiwa kidoleni, mkono umeuegemeza kifuani usitikisike. Usiharakishe kusoma. Damu huchukua muda kutoka mapafuni hadi kidoleni, na kifaa chenyewe hutoa wastani wa sekunde kadhaa, kwa hiyo namba ya chini kabisa mara nyingi hutokea ukiwa umeshasimama. Subiri dakika nzima. Andika namba hiyo ya chini, na muda uliochukua kurudi ulipoanzia. Hizo mbili zina maana kwa daktari kuliko kurasa tatu za vipimo vya kochini.

Kwenye mazoezi ya mapafu, wasimamizi wengi humsimamisha mgonjwa akishuka chini ya 88. Yako akupangie daktari wako. Kuhema ukiwa bado unaweza kusema sentensi fupi ni kawaida. Kifua kikiuma, kizunguzungu kikija au midomo ikigeuka rangi, simama hata kama skrini inasema 95.

Wanaotumia oksijeni ya mtungi wana mtego wao. Wengi wenye COPD hulengwa 88 hadi 92, sasa mtu anaona 90, anashtuka, anafungulia zaidi. Kwa baadhi yao oksijeni ikizidi, kaboni dayoksaidi hurundikana mwilini: usingizi mzito, kichwa kuuma, maneno kuchanganyika. Kibanio nacho kitaonyesha 98 safi kabisa.