Mfumo gani uweke kwenye kompyuta ya sebuleni

Ukitafuta kompyuta ndogo ya kuunganisha na TV, iwe ni hapa Kisumu au kule Nakuru, utakazoonyeshwa zaidi ni zile zinazoitwa eks-UK, yaani zilizotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Ni mashine nzuri. Zinajificha nyuma ya TV, hazina kelele na hazili stima nyingi. Muuzaji atakuuliza unataka RAM ngapi na diski ya ukubwa gani, kisha atakukabidhi ikiwa na Windows 10. Habari ya mfumo endeshi, ile programu kuu inayoendesha kompyuta kama hiyo Windows, haitatajwa, na kumbe ndiyo itakayoamua kama kifaa hicho kitatumiwa na nyumba nzima au kitabaki chako peke yako.

Mimi huupima mfumo wa sebuleni kwa maswali mawili. Stima ikipotea katikati ya filamu, ikirudi mashine itaamka yenyewe? Na mama yangu aliyeko Kakamega, ambaye hajawahi kushika mausi, ataweza kutazama video ya harusi ya mdogo wangu bila kunipigia simu? Orodha hii imepangwa kwa maswali hayo.

Nafasi ya kwanza: LibreELEC

Hii ni Linux, mfumo endeshi wa bure, iliyopunguzwa mpaka ikabaki na kazi moja: kuendesha Kodi, ile programu ya kupanga na kucheza filamu, muziki na picha iliyoanza kwenye Xbox, mashine ya michezo ya Microsoft, ikiitwa XBMC, ikapewa jina la sasa mwaka 2014. Ukiwasha kompyuta huulizwi nywila wala huoni vijidirisha. Inatokea menyu yenye maandishi makubwa unayoisoma ukiwa umeketi kwenye kochi. Ni ya bure, faili lake la kupakua halifiki GB 1, na RAM ya GB 4 inaitosha na kubaki.

Sababu kubwa ya kuiweka mbele ni stima. Huku kwetu mvua ya alasiri ikipanda na radi, stima hupotea, hurudi, hupotea tena kabla hujamaliza kuwasha mshumaa. Windows ikikatwa katikati ya sasisho yaweza kukataa kuwaka, na hapo safari ya kwa fundi inaanza. Faili za mfumo wa LibreELEC hufunguliwa kwa kusomwa tu, haziandikwi wakati unatazama, kwa hivyo kukatika kwa ghafla hakuna pa kuziharibu. Sehemu inayotunza mipangilio yako ndiyo huandikwa, basi weka nakala yake mara moja moja. Kisha ingia BIOS, ile menyu ya kompyuta inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka, utafute mpangilio wa kuamua kompyuta ifanye nini umeme ukirudi, uichague iwake yenyewe. Nilipofanya hivyo kwa mama, simu za "hii kitu imezima" zilikwisha. Gadi ya TV, kile kifaa cha kukinga na umeme unaoruka, usiiache hata hivyo, maana radi haijali mfumo.

Diski ya nje iliyojaa video za harusi, za matanga na za kwaya husomeka bila taabu, hata kama ilitoka kwenye Windows. Ukiongeza kifaa cha USB cha kupokea DVB-T2 (matangazo ya TV ya dijitali ya antena) na Tvheadend, kiongezeo cha Kodi cha kutazamia TV, unaweza pia kuingiza chaneli za bure za antena kwenye menyu ileile. Chagua kifaa ambacho Linux inakitambua, ukihakikisha kwa namba yake kamili, maana vingine hufanana nje na ndani vina chipu tofauti.

Kasoro zake nazijua vizuri. Haiji na kivinjari cha kufungulia tovuti. Netflix haina programu rasmi ndani ya Kodi. Kiongezeo cha YouTube kinadai ujitengenezee funguo zako za API kwa Google, yaani namba za siri zinazoiruhusu programu kutumia huduma yao, kazi ya nusu saa inayowachosha wengi. Na usitarajie rimoti ya TV kuiongoza: kompyuta nyingi za aina hii hazipitishi amri hizo kwenye HDMI, ingawa Raspberry Pi hupitisha. Nunua rimoti yenye kipokezi cha USB, au weka Kore kwenye simu, ambayo ni programu ya bure ya Kodi yenyewe. Mama nilimpa rimoti. Simu yake ina kazi nyingine.

Nafasi ya pili: Linux Mint

Nyumba inayoishi kwenye YouTube, na penye mtoto anayehitaji kuandika kazi ya shule kwenye skrini hiyohiyo, hapa ndipo pake. Una kivinjari kamili, una ofisi ya kuandikia, na Kodi unaiongeza na kuiamuru ifunguke kompyuta inapowaka. Toleo la 22, lililotoka 2024, litahudumiwa hadi 2029. Chagua lile la Xfce, lenye mwonekano mwepesi, kama RAM ni GB 4. Utahitaji kibodi ndogo isiyo na waya, na hapo ndipo mama yangu angeachia njiani.

Nafasi ya tatu: Windows 11

Inastahili kama unalipia Netflix ya 4K, ile picha kali zaidi, kwa kuwa kupitia Edge, kivinjari cha Microsoft, inaweza kukupa 4K ambayo Linux haikupi. Lakini piga hesabu kwanza. Netflix wenyewe wanataka intaneti ya Mbps 15 kwa 4K, na saa moja inaweza kumeza hadi GB 7. Kama faiba yako ni ya Mbps 10, au unatumia bando, unalipia picha usiyoiona. Pia Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa kawaida chipu ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na nyingi za eks-UK za bei nafuu ziko chini ya hapo.

Kuiacha ile Windows 10 uliyokuta si jambo ninaloweza kumshauri mtu. Huduma yake ya kawaida ilifungwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumba, ruta moja na simu unayotumia kwa M-Pesa, haifai kukaa bila viraka vya usalama. ChromeOS Flex, mfumo wa Google, ni ya bure na nyepesi, ila haina Play Store, kwa hivyo unabaki zaidi na kivinjari.

Kabla ya kulipa

Soma namba ya chipu. i5-7500T ni kizazi cha 7, i5-6500T ni cha 6. Tofauti hiyo ni kubwa kwa kazi hii: filamu nyingi za 4K ni HEVC ya biti 10, namna ya kubana video, na kizazi cha 7 huzifungua kwa chipu ya picha, wakati cha 6 huiachia prosesa kazi yote na picha inakwama-kwama. Angalia pia nyuma. Nyingine zina DisplayPort, tundu la skrini la aina nyingine, bila HDMI, na adapta ni gharama ya kwako, kwa hivyo itaje wakati wa kupatana bei.

Nenda dukani na flashi mbili, moja ya LibreELEC na nyingine ya Mint, na filamu moja nzito ya 4K. Zote mbili zinawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kwa LibreELEC chagua live, usichague installer, ambayo huiweka kwenye diski. Omba TV ya dukani, cheza filamu kwa dakika kumi, sikiliza kama sauti inatoka kwenye TV yenyewe, kisha chomoa waya wa stima ghafla na uirudishe. Muuzaji akikataa jaribio hilo, pita duka linalofuata.