Silinda hedi ya kuba za kubadilisha kwa SuperJet 701 inayotumia petroli ya sheli

Kwa Yamaha SuperJet 701 (jet ski ya kusimama) iliyokwisha kufungwa eksozi ya mbio na kabureta kubwa, hedi hii ni ununuzi mzuri kuliko kuipeleka ya kiwandani ikakwanguliwe. Hedi ikishakwanguliwa hairudi, lakini kuba, kile kipande cha hedi kinachofunika juu ya pistoni, unaifungua na kuweka nyingine. Ubaya ni kwamba wauzaji wanauza namba ya cc (ujazo wa kuba), na wanunuzi wanaiamini.

Namba hiyo peke yake haitoshi. Silinda ya 701 ina kipenyo cha milimita 81, kwa hiyo kila milimita moja kati ya pistoni na hedi ni kama cc 5. Gasketi ya chini ikizidi unene kwa milimita 0.3 tu, umeongeza cc 1.5, yaani karibu tofauti yote iliyopo kati ya kuba moja na inayofuata. Tundu la eksozi likiwa limepandishwa, pistoni inachelewa kuliziba na kompresheni inashuka, ingawa kuba ni ileile. Ndiyo maana injini mbili zenye kuba moja zinaweza kupishana psi 15 (psi ni kipimo cha shinikizo) na zote ni nzima.

Anayeamua ni geji ya kompresheni. Chomoa plagi zote mbili, ncha za waya zake ziguse chuma usije ukaunguza boksi la CDI linalotoa umeme wa cheche, betri iwe imejaa, bana mafuta hadi mwisho, kisha piga stata mpaka mshale uache kupanda. Geji ambayo vali yake iko mbali na ncha ya kufungia inasoma chini, kwa hiyo usilinganishe namba zako na za mwenye geji nyingine. Kwa petroli ya oktani 95 (oktani ni uwezo wa petroli kutolipuka yenyewe), psi 165 hadi 175 ni salama. Kwa 98, 180 ndiyo mwisho. Kuanzia 185 jiandae kununua petroli ya mbio. (Oktani 91 ya kwenye pampu za Marekani inakaribiana na 95 hii, wao wana hesabu yao.) Aliyesogeza taiming (wakati wa cheche) mbele, au anayekimbia mafuta yamebanwa dakika nzima bila kuachia, apunguze psi 10. Wa kuruka mawimbi hubana na kuachia, injini inapata nafasi ya kupoa.

Mwinuko nao usisahaulike. Injini inayosoma 180 kwenye ziwa lililo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari itasoma zaidi ya 210 ikishushwa pwani. Hapo petroli ya sheli haifai tena.

Nafasi ya pembeni ya kuba, kati yake na ukingo wa pistoni, ipimwe kwa waya laini wa lehemu wa milimita 2. Weka vipande viwili kwa pamoja, pande zote mbili kwenye mstari wa pini ya pistoni, la sivyo pistoni inalala upande na kipimo kinadanganya. Zungusha kranki kwa mkono, toa, pima kwa kalipa. Tafuta milimita 1.1 hadi 1.4. Chini ya 1.0 pistoni inaweza kugusa hedi kwa mwendo wa juu, na nafasi ikizidi sana mchanganyiko wa pembeni hulipuka wenyewe hata kama kompresheni ni ya wastani.

Kufunga si kazi, isipokuwa oringi, zile pete za mpira za kuzuia maji. Zipake grisi na uhakikishe zimekaa kwenye mifereji yake kabla ya kukaza. Ikibanwa moja tu, maji yanaingia silindani.

Nunua kuba kubwa kwanza, yenye kompresheni ndogo. Injini ikianza kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe, huwezi kuisikia juu ya kelele za eksozi. Baada ya mbio fupi chomoa plagi uangalie kauri nyeupe kwa lenzi: vidoa vidogo vinavyong'aa kijivu ni aluminiamu ya pistoni. Ukiviona, zima kabisa, kagua jeti za kabureta na taiming, kisha panda kuba ya cc 2 zaidi.