Uzoefu wangu na Qatar Digital Library: kuisoma Sistan na Makran kwenye simu

Huduma ninayoizungumzia ni maktaba ya mtandaoni inayoitwa Qatar Digital Library, au QDL. Ni bure, haikudai barua pepe wala nambari ya simu. Naipa nyota nne kati ya tano, na nitaeleza kwa nini ya tano nimeizuia.

Mimi ni Mbulushi wa Mombasa. Wazee wetu waliletwa pwani hii wakiwa askari wa Mabusaidi, na Sayyid Said alipoitwaa Mombasa mwaka 1837, Wabulushi walikuwa miongoni mwa waliowekwa kulinda Ngome, yaani Fort Jesus. Kwetu ukiuliza asili utajibiwa Sarbaz, au Kasarkand, au Makran tu, ile pwani ya Wabulushi ng'ambo ya Oman, kisha chai inaletwa na mazungumzo yanahamia kwenye harusi ya nani. Mimi nilitaka zaidi ya hapo. Ilikuwaje nchi moja ya watu wa lugha moja upande huu ikawa Iran na upande ule Pakistan, na kaskazini kidogo ikaanza Afghanistan? Nani alikaa akachora?

Maktaba hii ilifunguliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano wa British Library na Maktaba ya Taifa ya Qatar. Ndani yake kuna zaidi ya kurasa milioni moja zilizopigwa picha, nyingi zikiwa za ile ofisi ya London iliyokuwa ikisimamia India. Usishangae kuikuta Uajemi, yaani Iran ya leo, kwenye mafaili ya India. Kwa Waingereza wa karne ya 19, Uajemi ulikuwa ukuta wa India, na aliyetaka kujua nani anapitapita karibu na ukuta huo alimwandikia konsuli, yaani balozi mdogo aliyewekwa mjini huko. Makonsuli waliandika, tena waliandika mno.

Kwa matumizi ya kawaida: ukurasa unafunguka vizuri, unaweza kuukuza mpaka uone wino ulivyokwama, na unaweza kuupakua. Maandishi ya chapa yamegeuzwa kuwa matini, kwa hiyo ukitafuta neno linapatikana. Barua za mkono utazisoma mwenyewe kwa macho yako, na wengine wao mwandiko wao ni wa daktari. Ushauri wangu mkubwa ni huu: tafuta kwa tahajia za zamani. Ukiandika Sistan utapata kidogo, ukiandika Seistan mlango unafunguka. Mashhad ni Meshed. Zabol ya leo ni Nasratabad, na Zahedan ni Duzdab. Kurasa za maelezo ni za Kiingereza na Kiarabu pekee. Na kama unatumia bando la simu, jihadhari, picha ni kubwa.

Nilianzia Makran, na hapo nilipata jibu ambalo hakuna mzee aliyewahi kunipa: mpaka wetu ulichorwa kwa sababu ya waya. Baada ya maasi ya India ya 1857, London ilitaka habari zifike upesi, na waya wa telegrafu ukapitishwa pwani ya Makran, ukafika Gwadar mwaka 1863 na baadaye Jask. Waya unataka nguzo, nguzo inataka mlinzi, na mlinzi anataka kulipwa. Alipwe kwa idhini ya nani? Khan wa Kalat, mtawala wa Wabulushi wa upande wa mashariki, alidai pwani, Shah wa Uajemi alidai, na Sultani wa Maskati alikuwa na Gwadar na Chabahar mkononi. Ndipo akatumwa Frederic Goldsmid, ambaye hapo awali alikuwa mkuu wa telegrafu hiyohiyo, aje kuamua. Mstari wake wa 1871 ulianzia ghuba ya Gwatar ukapanda kaskazini. Sarbaz ikaangukia kwa Shah, Kech, iliyo Pakistan ya leo, ikabaki kwa Kalat. Mwaka uliofuata Waajemi wakaitwaa Chabahar. Gwadar ilibaki mali ya Oman mpaka 1958, Pakistan ilipoinunua. Kwa hiyo binamu wawili wa kijiji jirani waliamka mmoja raia wa Shah na mwingine wa Khan, kwa sababu bwana mmoja wa telegrafu alitaka kujua ampe nani mshahara wa mlinzi wa nguzo. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Kutoka hapo nilipanda Sistan, na huko ndiko nilikozama.

Sistan ni bonde la mto Helmand, unaotoka milima ya Afghanistan ukaishia kwenye maziwa ya Hamun. Hapana bahari, hapana mvua ya maana, kuna mto huo tu. Goldsmid huyohuyo alikuja mwaka 1872 akaligawa: sehemu yenye mashamba na watu wengi kwa Uajemi, ng'ambo kwa Afghanistan, na mkondo mkuu wa mto ukawa mpaka. Sasa mto wa jangwani hauheshimu karatasi. Mwaka 1896 Helmand ulihamia mkondo mwingine, na ugomvi ukaanza upya. Akaja Henry McMahon na msafara mkubwa wa ngamia, wapimaji na askari, akakaa huko kuanzia 1903 hadi 1905. Aliamua Uajemi upate theluthi moja ya maji yanayofika Sistan. Tehran ikakataa. Mkataba wa 1973 ulijaribu tena, ukaiwekea Iran takriban mita za ujazo milioni 820 kwa mwaka, na Mei 2023 walinzi wa Iran na Taliban walipigana risasi mpakani katikati ya ugomvi wa maji hayohayo. Ukisoma ripoti za McMahon baada ya kusikiliza habari za 2023, unahisi wino haujakauka.

Lakini kilichonipendeza zaidi kwenye maktaba hii si mikataba. Mikataba utaipata popote. Tafuta shajara za makonsuli, zile taarifa za mara kwa mara kutoka Meshed, Seistan na Kerman. Humo utaona himaya mbili zikigombana kwa sukari na chai.

Hali ilikuwa hivi. Urusi ilifikisha reli Ashgabat mwaka 1885, na kutoka hapo hadi Mashhad ni mwendo wa milima ambao msafara unaumudu. Sukari, vitambaa na mafuta ya taa ya Urusi vikajaa Khorasan, jimbo la Mashhad. Bidhaa za India, chai na nili na viungo, zilikuwa zikipanda kutoka Bandar Abbas kwa njia ndefu na mbaya. Waingereza wakatafuta njia fupi: Quetta, Nushki, kisha jangwani magharibi sambamba na mpaka wa Afghanistan mpaka Sistan. Kuanzia 1896 visima vikachimbwa, vibanda vya kulala vikajengwa, walinzi wa Kibulushi wakaandikwa kazi, na wafanyabiashara wakapewa punguzo la nauli ya reli kama mzigo wao unakwenda Uajemi kwa njia hiyo. Reli ilifika Nushki mwaka 1905. Upande wa kurudi ngamia walibeba sufu na samli. Mvuje nao ulitoka Khorasan kwenda India, na bila shaka mwingine ulipanda jahazi, maana jikoni kwetu Mombasa haukuota wenyewe.

Urusi haikukaa kimya. Tauni ilipoingia Bombay mwaka 1896, askari wake waliweka karantini kwenye njia za Khorasan mashariki, na msafara kutoka India ukawa unasubiri. Waingereza waliona ni kisingizio, na wameliandika hilo kwa kulirudiarudia. Warusi walisema ni afya. Kisha tauni ikazuka kweli Sistan mwaka 1906, na karantini ikawa jambo lisilochekesha. Kabla ya hapo, mwaka 1903, ilianza kutumika tozo mpya ya forodha iliyopatanwa na Urusi na kusimamiwa na maofisa wa Kibelgiji walioajiriwa na Shah. Chai ya India ikapandishiwa ushuru sana. Kwa hiyo hebu ifikirie Nasratabad: mji mdogo wa udongo pembezoni mwa jangwa, una konsuli Mwingereza tangu 1899, Percy Sykes alipoufungua ubalozi mdogo hapo, una konsuli Mrusi tangu mwaka uliofuata, una Mbelgiji wa forodha, na wote wanahesabu mizigo ya ngamia wanaoingia langoni.

Katikati yao walikuwapo wenyeji wenye nchi. Familia ya Alam ilitawala Qain na Sistan; Hashmat ul-Mulk alikuwa Sistan, ndugu yake Shaukat ul-Mulk akiwa Birjand, na ndugu hao hawakupatana. Makonsuli wanaandika kana kwamba wao ndio waliokuwa wakiwachezesha. Mimi nikisoma naona mara nyingi ni kinyume. Mtawala anayejua kwamba Mrusi na Mwingereza wote wanataka kunywa chai barazani kwake ana mengi ya kupata kwa kila mmoja, na familia hiyo ilidumu kuliko makonsuli wote: mwana wa ukoo huo, Asadollah Alam, alikuwa waziri mkuu wa Iran miaka ya 1960.

Na hapa ndipo nyota ya tano ilipobaki mkononi. Kila unachokisoma kimeandikwa na mgeni kwa mgeni mwenzake. Mbulushi akitajwa, ni mwaminifu au si mwaminifu, ananunulika au hanunuliki. Mwajemi akikataa jambo ni mkaidi. Mwingereza akikataa ana msimamo. Tarehe 31 Agosti 1907 Urusi na Uingereza zilitia saini mjini St. Petersburg kuigawa Uajemi katika maeneo ya ushawishi, Waingereza wakijichukulia kona ya kusini mashariki, chini ya mstari wa Gazik, Birjand, Kerman na Bandar Abbas. Uajemi wenyewe haukuulizwa. Ukifuatilia barua za miaka hiyo, utakuta kurasa nyingi juu ya wapi mstari upite, na chache mno juu ya watu waliokuwa wakiishi juu yake. Si kosa la waliopiga picha. Ndivyo faili lilivyokuja. Ila msomaji asije akadhani ameisikia Sistan ikisema. Ameisikia ikisemwa.

Vitabu vya njia ni habari nyingine, hivyo navipenda. Majeshi ya India yalitunga orodha za njia za Uajemi kituo kwa kituo: umbali, maji matamu au ya chumvi, kuni zipo au hazipo, malisho ya ngamia. Vilitungwa kwa ajili ya vita, lakini ndivyo vilivyonipa Makran ya karibu kabisa na ile babu aliyoiacha. Kisima kikiandikwa kuwa kina maji ya chumvi, ni cha chumvi kwa konsuli na kwa babu yangu vilevile.

Nani aitumie? Mwanafunzi wa historia aanze kesho. Wabulushi wenzangu wa Mombasa, Zanzibar na Maskati, someni, lakini msitegemee kukuta jina la babu. Maofisa waliandika majina ya machifu na basi. Asiyejua Kiingereza wala Kiarabu atahitaji wa kumsaidia.

Kwa wasomaji walioko Oman nina pendekezo moja la ziada. Acheni Sistan kwanza, tafuteni mafaili ya biashara ya silaha Maskati, ya miaka ya kwanza ya karne ya 20. Bunduki zilishushwa Maskati, wafanyabiashara Wafaransa wakiwamo, zikavushwa kwa jahazi mpaka pwani ya Makran, na kutoka hapo Waafghani wakazipandisha kwa ngamia hadi kwao. Manowari za Uingereza zilizunguka baharini kuzizuia, na Paris ikalalamika ikitaja tamko la 1862, ambalo ndani yake Uingereza na Ufaransa ziliahidi kuheshimu uhuru wa Maskati na wa Zanzibar pamoja. Mimi nimeanza kulisoma faili moja la hayo. Ni nene, na mwandiko wake, alhamdulillahi, ni wa chapa.