SAT ya ngapi? Tathmini ya zana tatu za bure za kulinganisha vyuo vya Marekani, kwa mwombaji aliye Dodoma

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, wahitimu wengi wa Dodoma hufungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na kuanza kupiga hesabu za UDOM, Muhimbili au Mlimani. Wachache, hasa wenye Division One ya pointi 3 au 4, huulizia pia vyuo vya Marekani vyenye ushindani mkali, na swali lao la kwanza, kuhusu mtihani wa udahili wa SAT, ni lile lile: wanataka SAT ya ngapi? Ndipo linapotumwa jedwali kwenye grupu la WhatsApp. Ni picha ya skrini iliyokatwa juu na chini, safu moja majina ya vyuo, safu nyingine 1500–1570, haina mwaka wala chanzo.

Picha hiyo usiifanyie uamuzi wowote. Zipo zana tatu za bure zenye takwimu zilizojazwa na vyuo vyenyewe. College Navigator na College Scorecard ni za serikali ya Marekani. Ya tatu, Common Data Set, ni hati ya maswali sanifu ambayo vyuo vingi hujaza kila mwaka na kuiweka kwenye tovuti zao. Tutangulize uamuzi wetu: anza na Navigator, malizia na Common Data Set. Scorecard, kwa kazi hii ya kulinganisha alama, ni ya akiba tu.

Kabla ya kufungua chochote, elewa 1500–1570 maana yake nini. SAT ina sehemu mbili, Kusoma na Kuandika na Hisabati, kila moja kuanzia 200 hadi 800, jumla 400 hadi 1600. Namba ya kushoto ni mpaka wa robo ya chini: robo ya wanafunzi waliowasilisha alama wako chini yake. Namba ya kulia ni mpaka wa robo ya juu. Katikati imekaa nusu ya waliowasilisha. Mzazi aliyezoea mwongozo wa TCU huisoma 1500 kama sifa ya chini ya kuingia, mithili ya zile pointi 4.0 za principal pass mbili. Sivyo. Pointi za TCU ni kizingiti, ukiwa chini yake huombi. Ile 1500 haizuii mtu, na robo nzima ya waliomo kwenye hesabu hiyo wameingia wakiwa chini yake. Kwa kosa hili moja, vijana wenye 1460 hukunja maombi wenyewe kabla hawajakataliwa na mtu.

Tuanze na Navigator. Andika jina la chuo, fungua ukurasa wake, kisha bonyeza Admissions. Utaona idadi ya walioomba, asilimia waliochaguliwa, na asilimia ya waliochaguliwa ambao kweli walijisajili. Shuka chini upate alama. Hapo, juu ya alama zenyewe, kuna mstari ambao zile picha za WhatsApp huwa zimeukata: asilimia ya wanafunzi waliowasilisha SAT, na asilimia ya waliowasilisha ACT, mtihani mwingine wa udahili unaoshindana na SAT. Kwa maoni yetu mstari huo una thamani kuliko alama zilizo chini yake.

Sababu ni hii. Tangu janga la korona la 2020, vyuo vingi viliifanya SAT iwe hiari. Ikiwa hiari, mwenye alama ndogo haitumi. Chukua darasa la watu wanane wenye 1320, 1360, 1400, 1440, 1480, 1500, 1520 na 1540. Wote wakiwasilisha, mpaka wa robo ya chini ni 1380 na wa juu ni 1510. Sasa wale wanne wa chini wafiche alama zao. Wamebaki wanne, na jedwali linasomeka 1490–1530. Darasa ni lile lile, walimu wale wale, hakuna aliyejifunza chochote zaidi, lakini mpaka wa chini umepanda pointi 110. Kwa hiyo chuo chenye 1490–1530 kwa asilimia 50 ya wanafunzi hakilinganishwi na chenye 1490–1530 kwa asilimia 90. Usijumlishe pia asilimia ya SAT na ya ACT ukadhani umepata wote waliowasilisha, maana wapo waliotuma zote mbili.

Hali ya hiari inabadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo angalia mwaka wa data kabla ya kulinganisha. MIT ilirudisha ulazima mwaka 2022. Mwaka 2024 zikafuata Dartmouth, Brown, Harvard, Caltech, na Yale, ambayo inakubali pia mitihani ya masomo mahususi, AP au IB, badala ya SAT. Columbia imebaki na hiari. Vyuo vya University of California, zikiwemo Berkeley na UCLA, havitazami SAT kabisa katika udahili, hata ukiituma. Ukikuta nafasi ya alama zao iko tupu, usidhani ni vyuo dhaifu vilivyoshindwa kuingia kwenye jedwali. Navigator yenyewe huchelewa: takwimu unazozisoma ni za walioingia mwaka mmoja au miwili nyuma, na huenda wakati huo chuo kilikuwa na sera nyingine.

Udhaifu mkubwa wa Navigator ni kwamba inatoa alama za kila sehemu ya SAT peke yake, haitoi jumla. Mtu hujumlisha mipaka ya robo ya chini ya sehemu mbili, kisha ya juu, akaandika matokeo kama kiwango cha chuo. Hesabu hiyo ni batili. Tazama wanafunzi wanne, namba ya kwanza ikiwa Kusoma na ya pili Hisabati: 700 na 800, 720 na 780, 780 na 720, 800 na 700. Kila mmoja ana jumla ya 1500 kamili. Lakini mpaka wa robo ya chini kwa Kusoma ni 710, kwa Hisabati ni 710, na mipaka ya juu ni 790 kote. Ukijumlisha unapata 1420–1580 kwa darasa ambalo hakuna hata mmoja aliye juu au chini ya 1500. Aliye dhaifu kwenye Kusoma si lazima awe dhaifu kwenye Hisabati, na kwa sababu hiyo kiwango cha kujumlisha hutoka kipana kuliko ukweli.

Dawa yake iko kwenye Common Data Set. Tafuta jina la chuo pamoja na maneno hayo matatu na mwaka wa masomo. Hati huwa PDF au karatasi ya Excel, ishushe mara moja uisome bila bando. Kimbilia sehemu C. C1 ina walioomba, waliochaguliwa na walioripoti, mara nyingi kwa jinsia. C7 ni orodha ya vitu wanavyozingatia, kila kimoja kikiwekewa alama ya uzito, kuanzia muhimu sana hadi hakizingatiwi. Tafuta mstari wa mitihani sanifu uone umewekwa wapi. C9 ndiyo yenye alama: asilimia waliowasilisha, mipaka ya robo na alama ya katikati, na kwa matoleo ya miaka ya karibuni jumla ya SAT imehesabiwa na chuo chenyewe. Chini yake kuna mgawanyo wa vikundi, wangapi kwa asilimia wako 1400 hadi 1600, wangapi 1200 hadi 1399, kuendelea chini. Mwombaji mwenye 1380 autazame mgawanyo huu, kwa sababu unamwonyesha kama watu wa alama zake wapo kweli ndani ya chuo.

C9 inahesabu walioripoti, siyo waliochaguliwa. Hapa Mtanzania hahitaji maelezo marefu. Anajua orodha ya TCU ya waliochaguliwa chuo zaidi ya kimoja, na jinsi mtu mmoja anavyohesabika sehemu tatu mpaka athibitishe. Wenye alama za juu kabisa huchaguliwa vyuo vingi na kuripoti kimoja, ndiyo maana alama za waliochaguliwa huwa juu kuliko za walioripoti. Emory ilikiri mwaka 2012 kwamba kwa zaidi ya miaka kumi ilikuwa ikitoa takwimu za waliochaguliwa kana kwamba ni za walioripoti. Mwaka huo huo Claremont McKenna nayo ilikiri kwamba ofisa wake alikuwa akipandisha alama za SAT zilizopelekwa kwa wapangaji wa orodha za ubora. Takwimu hizi zinajazwa na mwenye maslahi. Ni nzuri, lakini linganisha matoleo mawili au matatu ya chuo kimoja, na ukiona alama imeruka ghafla, angalia kwanza kama asilimia ya waliowasilisha imeshuka.

Majedwali ya zamani yasichanganywe na mapya. Waliomaliza kidato cha sita 2014 na 2015 wanakumbuka: B+ ilikuwa pointi 4, B ya kawaida 3, C ikawa 2, tofauti na kabla na baada yake ambapo B ni 4 na C ni 3. Huwezi kuweka C ya 2015 kando ya C ya 2019 ukasema ni sawa. SAT nayo imepitia hayo. Vipimo vyake vilirekebishwa 1995, mwaka 2005 jumla ikawa 2400, mwaka 2016 ikarudi 1600 kwa mtihani mpya ambao kwa uwezo ule ule hutoa alama ya juu kidogo. Sasa ni wa kompyuta, kwa watahiniwa wa nje ya Marekani tangu 2023, saa 2 na dakika 14, na ugumu wa nusu ya pili ya kila sehemu unategemea ulivyofanya ya kwanza. ACT, inayoishia 36, hubadilishwa kwa jedwali rasmi la 2018: 34 ni sawa na 1500, 32 ni 1430, 30 ni 1370.

Je, inafaa kusema chuo cha 1510–1570 ni bora kuliko cha 1490–1560? Hapana, na hapa hatuna shaka. Kwanza, alama ya mtu mmoja yenyewe hucheza kama pointi 40 juu au chini akirudia mtihani bila kusoma zaidi, na vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka siku tofauti. Pili, juu kabisa namba zimegonga dari. MIT, kwa Hisabati, nusu ya kati iko 780 hadi 800, na baada ya 800 hakuna pa kwenda. Tatu, alama hizi zinapima nani aliingia, hazipimi alichofundishwa. Tunalijua jambo hili kwetu. Msalato ikifaulisha, sehemu ya ufaulu huo ilipatikana siku wasichana walipochaguliwa kwenda shule ya vipaji maalumu, kabla mwalimu wa kidato cha kwanza hajashika chaki. NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, na kwa maoni yetu ilifanya vizuri. Tumia alama kugawa vyuo katika makundi matatu: uko juu ya robo ya juu, uko katikati, uko chini ya robo ya chini. Ndani ya kundi moja, usipange kwa alama.

Kama SAT ni hiari na alama yako iko chini kidogo ya mpaka wa chini, usiifiche haraka. Watafiti wa Dartmouth, katika kazi iliyofanya chuo kirudishe ulazima mwaka 2024, walikuta waombaji wasio na mazingira mazuri walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia, kwa kuwa chuo huisoma alama kwa kuangalia shule mtu alikotoka. Alama ya 1420 iliyotoka shule ya serikali isiyo na maandalizi ya SAT inasomwa kwa jicho hilo.

Scorecard haihitaji maneno mengi. Inasomeka vizuri kwenye simu kuliko zote, na alama inazo. Lakini ile gharama ya wastani kwa mwaka inayoandikwa kwa herufi kubwa ni ya wanafunzi wanaopata misaada ya serikali ya Marekani, na kwa vyuo vya umma ni wale wa jimbo husika. Kijana wa Kizota au Kondoa hayumo kwenye hesabu hiyo kabisa.

Fedha za mwanafunzi wa nje utazikuta kwenye Common Data Set, sehemu H6: idadi ya wanafunzi wasio raia wala wakazi waliopewa msaada wa chuo, wastani wa dola kwa kila mmoja, na jumla. Gawa idadi hiyo kwa wanafunzi wote wa nje, walioandikwa sehemu B, upate picha ya nafasi yako. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawatazami uwezo wa kulipa wanapomdahili hata mwanafunzi wa nje, na hufidia pengo lote. Huko alama ndiyo hoja. Kwingine, chuo chenye 1350–1480 kisichosaidia wageni ni kigumu kwako kuliko chenye 1500–1570 kinachosaidia. Ukikuta H6 haikujazwa, waandikie ofisi ya misaada ya fedha barua pepe ya mistari miwili kabla hujalipia mtihani wala kukata tiketi ya SGR kwenda kituo cha mtihani: mwaka jana mlisaidia wanafunzi wangapi wa nje, na wastani ulikuwa dola ngapi? Ifanye Agosti, kwa sababu maombi ya mapema mengi hufungwa tarehe 1 Novemba.