Injini ya treni ya "shogi" ya Great Western (kampuni ya reli ya Uingereza), mfano wa OO, kwenye meza ya Nairobi

Kinachovutia kwanza ni matangi mawili ya maji yaliyoning'inia ubavuni mwa boila, mithili ya shogi la punda. Huu ni mfano wa aina ya 57xx, kipimo cha OO, yaani 1:76. Injini halisi zilijengwa 863, kati ya 1929 na 1950.

Ukiletewa ya mtumba, kagua kibanda cha dereva. Kibanda kilibadilishwa 1933 kuanzia namba 8750, kwa hiyo namba 5700 yenye kibanda kipya ni kosa. Nembo ya duara ya kampuni nayo haikuwepo kabla ya 1934.

Kidhibiti cha Uingereza, kile kinachopeleka umeme relini, hakitaki adapta hapa, plagi ni ileile ya pini tatu. Adui mkubwa ni vumbi letu. Injini ikianza kushtukashtuka, usiongeze umeme. Ilaze chali kwenye sponji, pangusa magurudumu kwa kijiti cha pamba chenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, kisha safisha reli. Mafuta ni tone moja kwenye gia. Yakizidi yanatambaa hadi magurudumuni na kunasa vumbi upya.

Ngazi za plastiki chini ya kibanda hukatika upesi, usizishike kabisa. Hata hivyo, kwa anayeanza kukusanya, naipendekeza bila kusita.