Darasa la bloku Tabata: kocha safi, sakafu hapana

Ukiwa na kijana mrefu nyumbani, kila jirani ni skauti wa mpira wa kikapu. Wangu ana miaka 16, kiatu namba 46, na hakuna dukani anapopita asitajiwe Hasheem Thabeet. Sawa, mfano mzuri: mtoto wa Dar, chaguo la pili mwaka 2009 kwenye drafti, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na ulinzi ndio uliomfikisha pale, maana akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut alichukua tuzo ya mlinzi bora wa ligi ya Big East mwaka 2008 na tena 2009. Basi niliposikia huku Tabata kuna darasa la Jumamosi la mabigi, wale warefu wanaocheza karibu na ringi, kazi yao bloku tu, yaani kuzuia mpira ukitoka mkononi mwa mpigaji, nikatoa elfu thelathini ya mwezi na kukaa benchi nione hela yangu inakwenda wapi. Mimi mwenyewe nimecheza netiboli, jezi ya GK, mlinda goli. Ulinzi hunidanganyi.

Kilichonifurahisha ni chaki. Kabla ya zoezi kila mtoto anachovya vidole kwenye unga wa chaki, kisha anasimama chini ya ringi kumsubiri mwenzake anayekuja na layapu, ile ya kukimbia na kuweka mpira ringini kwa karibu. Wakimaliza, kocha haulizi nani kazuia. Anaangalia mpira na mkono wa mpigaji. Alama nyeupe ikiwa juu ya mpira, vizuri. Ikiwa kwenye kiwiko, faulo, rudi nyuma ya foleni. Siku ya kwanza mwanangu aliwapaka wenzake chaki kama fundi rangi. Kosa lake lilikuwa kushusha mkono. Kocha akamfundisha kuruka wima, mikono juu, mpira umfuate yeye. Huko shuleni alikuwa anamaliza faulo zake tano mapema na kurudi benchi, na senta aliye benchi hamlindi mtu.

Jambo la pili: mpira ukishazuiwa unakwenda kwa nani? Vijana wote wanataka kuupiga mpaka ukutani, halafu watikise kidole kama marehemu Mutombo wa Kinshasa, senta wa NBA aliyekuwa akifanya hivyo baada ya bloku. Kocha kaweka sheria: ukitikisa kidole wakati mpira umetoka nje, pushapu kumi, kwa sababu mpira bado ni wa wale wale. Anawatajia Bill Russell wa Boston Celtics, mwenye ubingwa mara 11, aliyekuwa akiugusa mpira taratibu umwangukie mwenzake, shambulizi lianze hapo hapo. Bloku zake hazimo hata kwenye rekodi rasmi, NBA ilianza kuzihesabu msimu wa 1973/74. Mutombo anazo 3,289, na aliye juu yake ni Hakeem Olajuwon tu.

Matokeo nimeyaona kwenye mechi ya shule. Bloku alipata moja. Lakini kuanzia robo ya pili wale magadi, wachezaji wadogo wenye mbio, walikuwa wakifika karibu na ringi, wanamwona, wanasita, wanarusha mpira juu juu bila shabaha au wanarudisha nje. Kwenye karatasi ya mechi hiyo haiandikwi popote. Mimi niliihesabu.

Sasa lawama. Sakafu ni zege tupu, na darasa lenyewe ni la kuruka saa mbili nzima. Magoti ya watoto wanaokua hayajatengenezwa kwa hilo. Ringi inayofaa ni moja, kocha mmoja, foleni ndefu, kuna mtoto anaruka mara chache kuliko anavyokunywa maji. Wasichana hawapo kabisa. Nilipouliza, msimamizi akanijibu "hawajaja," kana kwamba kuna mtu aliwaita. Dada wa mwanangu yuko kidato cha pili na mikono yake ni mirefu kuliko ya nusu ya wale wavulana.

Nyota nne kwa kocha, mbili kwa uwanja. Mwezi ujao nalipa tena, ila mkeka wa kurukia tutabeba wenyewe, na huyo binti nakuja naye.