Kituo cha masomo kwa waliosimamishwa shule, mtaa wa Umoja

Mwanangu wa kidato cha tatu aliposimamishwa masomo kufuatia vurugu za bwenini, nilimpeleka katika kituo kidogo mtaani Umoja kinachowapokea wanafunzi waliosimamishwa au kufukuzwa shule, nami ninakipendekeza kwa moyo mkunjufu. Siku ya kwanza mwalimu hakumuuliza kosa lake; alifungua daftari lake la Hisabati, akapitia kurasa zilizojaa wino mwekundu, kisha akaketi naye dawati moja wakaanza upya milinganyo. Kila alasiri huwa na ushauri nasaha, na mzazi huitwa kushiriki, jambo ambalo shuleni kwake halikuwahi kufanyika.

Kasoro kubwa ni kwamba hakuna maabara, hivyo majaribio ya Kemia huchorwa ubaoni tu, na hilo halimtoshi mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa sekondari.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, wala hakimtengi aliyekosea. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usikubali mtoto arudishwe nyumbani bila barua inayotaja tarehe ya kurejea.

Ada hulipwa kwa wiki.